SOMO LA UFUNDI: TAMBUA KABURETA KABLA YA KUIFUNGUA



Huku Eastlands, kuanzia Gikomba hadi Kariobangi Light Industries, vijana wengi wanapata riziki kwa ufundi wa magari. Lakini kabureta kuukuu nyingi zinauzwa kwa kilo kama chuma chakavu, hali zingine zingetengenezeka na kumlipa fundi vizuri.

Mtu atauliza, “Si magari ya siku hizi hayana kabureta?” Ni kweli. Lakini wako watu wanaotunza Land Rover za zamani, Volkswagen kobe na Peugeot 404, ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963, tena 1966, 1967 na 1968. Tangu 2003 magari ya zamani yana hata mashindano yao, East African Safari Classic Rally. Tena ninyi mlio mashambani, angalieni pampu ya maji, jenereta na boda boda: nyingi zina kabureta. Ujuzi ni ule ule.

KUONA
Kabureta inachanganya petroli na hewa kwa kipimo. Petroli ikizidi, unaona moshi mweusi na gari inakula mafuta. Ikipungua, gari inakosa nguvu.

Futa uchafu, usome maandishi yaliyo kwenye mwili wake. Volkswagen kobe nyingi zina Solex: 28 PICT, 30 PICT au 34 PICT. Hiyo namba ya kwanza ni upana wa koo kwa milimita. Land Rover za petroli za zamani zilikuja na Solex, baadaye Zenith. Morris Minor ina SU.

Jeti nazo zina namba. Kwa Solex, 125 ni tundu la karibu milimita 1.25. Basi kabureta inaweza kuwa ya gari hilo, lakini jeti zikawa za gari lingine. Andika kila namba. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

KUAMUA
Je, inafaa kutengenezwa? Pima hivi:
1. Tikisa kijiti kinachoshika kipepeo cha hewa. Kikicheza sana, hewa inapenya na injini haitatulia.
2. Tikisa floti ya shaba karibu na sikio. Ukisikia petroli ndani, imetoboka. Itumbukize katika maji ya moto. Mapovu yataonyesha tundu. Usiichomee risasi kabla petroli yote haijatoka, maana inaweza kulipuka.
3. Angalia kama mwili una ufa au umepinda.

KUTENDA
1. Fanyia kazi nje, mbali na jiko na sigara. Usivute petroli kwa mdomo.
2. Panga vipande kwenye trei kwa utaratibu ule ule uliovitoa.
3. Safisha kwa brashi laini, kisha puliza matundu kwa upepo wa mashine. Usichokoe jeti kwa waya! Shaba ni laini, tundu litapanuka, na mteja atalipia petroli hiyo kila siku. Wala usichemshe kwa kostiki soda. Itakula mwili wa kabureta.
4. Uso uliopinda kidogo, kama ilivyo kawaida kwa Zenith ya Land Rover, sugua polepole juu ya msasa laini uliolazwa kwenye kioo.
5. Weka gasketi mpya. Linganisha namba za jeti na daftari lako.

UAMINIFU
Wako mafundi wanaotoa jeti nzuri ya mteja na kumwekea nyingine. Mteja huyo hatarudi, na atawaambia wenzake. Kikundi kiwe na sheria: kila kipande kilichobadilishwa kirudishwe kwa mwenyewe ndani ya mfuko, pamoja na karatasi ya kazi iliyofanywa. Jina zuri ndilo mtaji wa kikundi kisicho na pesa.

MASWALI YA KUJADILI
1. Ni vitu gani tunavitupa ambavyo vingetengenezwa?
2. Nani kati yetu ana ujuzi, na anamfundisha nani? Wasichana wamo?
3. Mteja akirudi na malalamiko, tunamjibuje?

Chagueni kabureta moja mbovu, mkae pamoja, mwanze na daftari. Mungu awabariki katika kazi ya mikono yenu.