Kuvua Samaki na Kiongozi Katika Maziwa ya Minnesota: Mwongozo kwa Anayeanza

Jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, lina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi. Watu wengi waliotoka Kenya, Tanzania na Kongo, ambao sasa wanaishi Minneapolis, St. Paul na Brooklyn Park, hupita kando ya maji hayo kila siku. Baadhi yao wamekulia ufukweni mwa Victoria, Tanganyika au Bahari ya Hindi, lakini huku hawajawahi kutupa ndoana. Ukiwauliza sababu, watakwambia: sina mashua, sijui sheria, siwajui samaki wa huku, naogopa faini.

Hofu hizo zote zinaweza kuondolewa na nusu siku ya kuvua ukiwa na kiongozi wa uvuvi. Huyu ni mvuvi mzoefu mwenye mashua na vifaa vyake, anayepeleka wateja ziwani kwa malipo. Mchukulie kama mwalimu. Unayemlipa siyo dereva wa mashua tu, unalipia ujuzi utakaobaki nao. Hapa chini tutaifuata safari hiyo hatua kwa hatua.

Ni samaki gani wanaovuliwa?

Wanaotafutwa zaidi majira ya joto ni watatu. Kwenye matangazo na vitabu vya kanuni utaona wameandikwa walleye, bass na northern pike. Sisi tutawaita wolai, besi na paiki.

Wolai amekuwa samaki rasmi wa jimbo tangu mwaka 1965. Ana rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijani kibichi, na macho makubwa yanayong'aa gizani kama ya paka. Nyuma ya jicho lake kuna utando unaorudisha mwanga, kwa hiyo huona vizuri kwenye mwanga hafifu, wakati visamaki anavyoviwinda havioni sawasawa. Ndiyo sababu huvuliwa zaidi alfajiri, jioni, siku za mawingu, au upepo unapotikisa maji. Nyama yake ni nyeupe na laini. Aliyezoea minofu ya sangara hatapata taabu kumpenda.

Besi wako wa aina mbili. Mwenye mdomo mkubwa hukaa kwenye magugu, mayungiyungi na chini ya magati ya mbao. Mwenye mdomo mdogo hupenda miamba na maji maangavu. Mkenya aliyewahi kuvua Naivasha huenda anamjua wa mdomo mkubwa, kwa sababu aliletwa kwenye ziwa hilo kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920. Wavuvi humpenda besi kwa jinsi anavyopigana akinaswa, na wengi humrudisha majini.

Paiki ni mrefu, ana meno makali, naye hujificha kwenye magugu akisubiri windo lipite. Kiongozi atafunga kipande cha waya mbele ya ndoana ili meno yasikate mshipi. Nyama yake ni tamu, ila ina safu ya miiba yenye pande mbili kama herufi Y. Mwombe kiongozi akuoneshe namna ya kuitoa.

Niende mwezi gani?

Msimu wa wolai na paiki hufunguliwa Jumamosi moja katikati ya Mei, wiki mbili kabla ya wikendi ya sikukuu ya Memorial Day. Mwezi Mei maji bado ni baridi sana, na anayetumbukia anaweza kuishiwa nguvu upesi. Kwa anayeanza, Juni inafaa zaidi. Samaki bado hawajashuka kina kirefu, na siku ni ndefu: jua huchomoza karibu saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuzama karibu saa tatu usiku.

Julai na Agosti wolai wengi hushuka chini, hivyo kiongozi huiendesha mashua polepole akikokota chambo bandia nyuma yake. Besi bado watakuwa kwenye magugu, hasa asubuhi.

Niende ziwa lipi?

Kama unataka kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, chagua Minnetonka, ziwa lililo magharibi kidogo ya Minneapolis. Lina besi na paiki kwa wingi. Mille Lacs liko takriban kilomita 160 kaskazini mwa jiji, lina ekari zipatazo 132,000, na linasifika kwa wolai na besi wa mdomo mdogo. Leech Lake, karibu na mji wa Walker, na Lake of the Woods, mpakani na Kanada, yanataka ulale huko. Kutoka Minneapolis hadi Baudette, mji wa Lake of the Woods, ni mwendo wa gari wa karibu saa tano.

Mille Lacs lina jambo moja la kujua mapema. Samaki wake hugawanywa kati ya jimbo na makabila ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, wenye haki ya kuvua kwa mujibu wa mkataba wa mwaka 1837. Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha haki hiyo mwaka 1999. Idadi ya wolai unaoruhusiwa kuchukua hapo hubadilika, wakati mwingine hata katikati ya msimu, kwa hiyo usifuate aliyofanya rafiki yako mwaka jana.

Itanigharimu kiasi gani?

Safari ya nusu siku, yaani saa nne, mara nyingi huwa kati ya dola 350 na 450. Siku nzima ya saa nane huwa kati ya dola 500 na 700. Kwa kawaida bei hiyo ni ya mashua yenye watu wawili, si ya kila kichwa, na wa tatu huongezewa kiasi. Tafuta mwenzako mgawane. Kiongozi ataomba arubuni ili akuwekee siku yako, na mwishoni ni desturi kumpa bakshishi ya asilimia 15 hadi 20.

Tuseme wewe na ndugu yako mmechukua nusu siku ya dola 400. Bakshishi ni dola 60 hadi 80. Mkigawana, na kila mmoja akajilipia leseni, mtatumia karibu dola 260 kila mmoja.

Iwapo hizo ni nyingi, kuna mashua kubwa za pamoja Mille Lacs na Leech Lake. Hubeba watu wengi, na unalipia kiti chako tu kwa makumi ya dola. Hutapata mafunzo ya karibu, lakini kwa familia ni mwanzo mzuri.

Je, leseni yangu hulipiwa na kiongozi?

Hapana. Kila mtu mwenye umri wa miaka 16 au zaidi anayeshika fimbo ya kuvulia lazima awe na leseni yake. Hutolewa na idara ya maliasili ya jimbo, inayofahamika kwa herufi DNR. Unaweza kuinunua kwenye tovuti yao, au kwenye maduka ya chambo na ya vifaa vya michezo. Beba kitambulisho, na namba ya Social Security kama unayo.

Ada ya mwaka kwa mkazi imekuwa dola 25 hivi, na kwa asiye mkazi takriban dola 51. Zipo pia leseni za muda mfupi, kama ya saa 24, zinazomfaa ndugu aliyekuja kutembea. Hakikisha bei ya sasa kabla ya kununua. Ili uhesabiwe mkazi, uwe umeishi Minnesota kihalali kwa angalau siku 60. Si lazima uwe raia, mgeni mwenye ukaazi halali naye huhesabiwa.

Kuna nafuu nyingine. Wikendi ya Siku ya Mama, kina mama wakazi huvua bila leseni. Mwezi Juni kuna wikendi ambayo mzazi mkazi anayemfundisha mtoto wa miaka 15 au chini huvua bila leseni.

Niulize nini kabla ya kutoa arubuni?

Mpigie kiongozi simu, umuulize haya:

- Bei inajumuisha nini? Fimbo, chambo na mafuta ya mashua vimo?
- Hali ya hewa ikichafuka, arubuni inarudishwa au tunapanga siku nyingine?
- Una bima? Kwenye maji ya mpakani kama Lake of the Woods, anayebeba abiria wa kulipa lazima awe na leseni ya unahodha ya Walinzi wa Pwani wa Marekani.
- Una majaketi ya kujiokolea yanayotutosha, pamoja na ya watoto?
- Tunaruhusiwa kuchukua samaki? Utatutolea minofu?

Mwambie pia ukweli kuhusu wewe: hujawahi kuvua, hujui kuogelea, au una mtoto mdogo. Kiongozi mwema hatakudharau. Atachagua sehemu tulivu ya ziwa na kukuandalia vifaa vyepesi.

Siku yenyewe nibebe nini?

Vaa nguo za tabaka, kwa sababu asubuhi huwa baridi hata Juni na mchana jua huchoma. Beba koti la mvua, kofia, miwani ya jua, dawa ya kuzuia mbu, maji, chakula, na boksi la barafu utakaloliacha garini kwa ajili ya samaki. Vaa jaketi la kujiokolea muda wote, hata kama wengine hawavai. Kisheria, mtoto wa chini ya miaka 10 lazima alivae mashua ikiwa katika mwendo. Radi ikisikika, mnarudi ufukweni mara moja.

Kiongozi atakufundisha kutupa mshipi, kuhisi samaki anapogusa chambo, na kusubiri kidogo kabla ya kuvuta. Kwa wolai, chambo cha Juni mara nyingi ni ruba hai aliyening'inizwa chini ya boya dogo. Usione haya kuuliza kwa nini mmesimama hapa na si pale. Jibu la swali hilo ndilo utakalolitumia siku utakapokuja peke yako.

Usitie vidole mdomoni mwa wolai wala paiki. Wolai ana miiba mgongoni, na vifuniko vya matamvua yake vina kingo kali. Besi ndiye pekee kati ya hawa watatu unayeweza kumshika kwa mdomo wa chini. Utakayemrudisha, lowanisha mikono kwanza, usimweke nje ya maji muda mrefu, na mwachie taratibu. Paiki mkubwa huchoka haraka maji yakiwa ya moto, basi mwahi.

Nichukue samaki wangapi?

Kanuni ya jumla ya jimbo kwa miaka mingi imekuwa wolai 6 kwa mtu, na mmoja tu anayezidi inchi 20, yaani sentimita 51. Kwa paiki, tangu mwaka 2018 jimbo limegawanywa kanda tatu. Katika kanda kubwa ya kaskazini-kati unaruhusiwa paiki 10, lakini wote wenye inchi 22 hadi 26 lazima warudishwe, na wanaozidi inchi 26 wasipite wawili. Maziwa mengi yana masharti yao, na kanuni hurekebishwa, hivyo soma kitabu cha mwaka huu cha DNR, kinachotolewa bure. Maji yasipoganda, kila mtu anaruhusiwa mshipi mmoja tu.

Mkitolewa minofu, iachwe na kipande cha ngozi yenye magamba cha inchi moja kwa inchi moja, ili askari wa maliasili aweze kumtambua samaki.

Masharti haya yana sababu. Ziwa la Red Lake, kaskazini mwa jimbo, liliishiwa wolai kwa kuvuliwa kupita kiasi. Uvuvi wake ulifungwa mwaka 1999, na ukafunguliwa tena mwaka 2006 baada ya samaki kupandikizwa na kuachwa wakue.

Ni salama kuwala?

Ndiyo, kwa kiasi. Samaki wawindaji hukusanya zebaki mwilini, madini yanayoweza kudhuru ubongo wa mtoto, na mkubwa ana zebaki nyingi kuliko mdogo. Idara ya afya ya Minnesota huwashauri wajawazito, wanaoweza kupata mimba, wanaonyonyesha na watoto wa chini ya miaka 15 wale wolai, besi au paiki mdogo mara moja kwa mwezi, na waepuke wolai anayezidi inchi 20 na paiki anayezidi inchi 30. Watu wazima wengine wanaweza kula mara moja kwa wiki. Yapo maziwa yenye ushauri mkali zaidi, kwa hiyo ulizia la kwako.

Nikishamaliza safari?

Mtakapotoka majini, kiongozi atang'oa magugu kwenye mashua na kumwaga maji yote. Ni sheria, ili kome wageni na mimea isihamishwe toka ziwa moja hadi jingine. Anayejua magugu maji yalivyoitesa Victoria ataelewa uzito wake. Nawe chambo kilichobaki kitie kwenye pipa la taka, usikimwage ziwani.

Baada ya hapo huhitaji mashua ili uendelee. DNR hupandikiza samaki kwenye mabwawa ya mitaa ya Minneapolis na St. Paul, na mengi yana gati la kuvulia lisilo na kiingilio. Nunua fimbo ya bei nafuu, chukua watoto, na uwafundishe ulichofundishwa. Kwa kuanza, wiki hii fanya mambo mawili: soma kanuni za ziwa ulilolichagua, kisha mpigie kiongozi simu ukiwa na maswali yako mkononi.