Bati Jipya, Joto Jipya

SWALI: Daktari, niko Nyakahura, Biharamulo. Tumeezua nyasi tukaezeka bati. Kiangazi hiki ndani hapakaliki mchana, na nina mtoto wa miezi 4. Nifanyeje?

JIBU: Mama, nyasi zilikuwa zinazuia joto. Bati linalipokea na kulishusha vichwani mwenu. Dawa ya kudumu ni dari, hata ya mikeka, na matundu ya hewa juu ya ukuta ili joto lipate pa kutokea.

Huko kwenu na Ngara mna bahati ambayo watu wa Dar es Salaam hawana: mko juu, usiku unapoa. Basi fungua madirisha jioni hadi alfajiri (weka wavu, mbu hawana likizo), kisha jua likipanda yafunge na ushushe mapazia upande wa jua. Hewa ya Juni hadi Agosti ni kavu, kwa hiyo kanga mbichi iliyotundikwa panapopita upepo hupoza kweli.

Mtoto mvue masweta. Najua bibi yake atalalamika. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Maji asipewe, hajafikisha miezi 6. Mchana kaeni chini ya mwembe.

Mtu mzima akianza kuweweseka, au mtoto akilegea na kukataa ziwa, mpelekeni kivulini, mloweshe maji, mpepee, huku mmoja akitafuta bodaboda ya kwenda kituo cha afya.