MATIBABU KWA WOTE: MKULIMA ANAINGIAJE?

Ndugu mkulima, katika ukurasa huu tumezoea kujifunza habari za mbegu, matuta na bei ya ndengu. Mwezi huu somo letu ni la afya, kwa sababu shamba hulimwa na mtu mwenye nguvu, na ng'ombe wengi katika skimu za makazi huuzwa kwa ajili ya bili ya hospitali.

Kwanza tuelewe maneno. "Matibabu kwa wote" haina maana kwamba dawa haina bei. Dawa hununuliwa, na mganga hulipwa mshahara. Maana yake ni kwamba kila mtu apate matibabu anayohitaji, yaliyo mazuri, bila kuuza shamba au kuingia katika deni. Fikirini watu wawili wenye ugonjwa mmoja. Wa kwanza anakaa karibu na mji wa Machakos na ana mshahara. Wa pili analima ndani ya Masinga, naye hupata fedha mara mbili tu kwa mwaka, mvua zikikubali. Wa pili atangoja nyumbani mpaka azidiwe, kisha atalipa pikipiki safari ndefu, na ugonjwa uliokuwa mdogo utakuwa mkubwa. Tofauti hiyo haikuletwa na ugonjwa. Imeletwa na fedha na umbali.

Jambo hili si geni. Tulipopata uhuru mwaka 1963 tuliambiwa tupigane na maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Mwaka 1965 Serikali iliondoa ada ya Shs. 5/- waliyotozwa wagonjwa wasiolazwa. Mwaka 1989 ada zilirudishwa, zikasimamishwa mwaka uliofuata, zikarudi tena. Mwaka 2004 ada ya zahanati ikawa Shs. 10/- na ya kituo cha afya Shs. 20/-, na mwaka 2013 hizo nazo zikaondolewa. Lakini hospitali kubwa ziliendelea kutoza, na huko ndiko mkulima alikofilisika.

Ndipo Desemba 2018 jaribio likaanzishwa katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos yetu. Machakos ilichaguliwa hasa kwa sababu ya wingi wa watu wanaoumia katika ajali, na kila aliyesimama kando ya barabara ya Mombasa jioni hahitaji kuelezwa zaidi. Watu waliandikishwa, na ada katika hospitali za kaunti zikaondolewa. Wagonjwa wakaja kwa wingi, hata waliokuwa wamekaa na maradhi miaka. Lakini mahali pengi dawa zilikwisha upesi. Wakulima wa mfereji wa Yatta wataelewa: kufungua mlango wa maji shambani hakusaidii ikiwa maji ya mto Thika hayajaingia mferejini. Kuondoa ada ni kufungua mlango. Dawa na waganga ndio maji.

Jirani zetu wa Makueni, ambao mpaka mwaka 1992 walikuwa wilaya moja na sisi, walikwisha anza mpango wao mwaka 2016. Nyumba moja ililipa Shs. 500/- kwa mwaka, ikatibiwa katika hospitali za kaunti. Kwa maoni yangu mpango huo ulifundisha watu wengi maana ya kulipa kabla ya kuugua kuliko hotuba yo yote.

Sasa twende kwenye sheria ya leo. Mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, NHIF, uliundwa mwaka 1966 kwa ajili ya watu wa mishahara. Wengine waliruhusiwa baadaye kujiunga kwa hiari. Mfuko huo umekwisha. Kwa Sheria ya mwaka 2023 mahali pake pamechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, iliyoanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024. Kila nyumba yatakiwa kutoa asilimia 2.75 ya mapato yake, yaani katika kila Shs. 100/- unazopata, Shs. 2/75. Hakuna anayetoa chini ya Shs. 300/- kwa mwezi.

Tufanye hesabu. Mkulima akikadiriwa kupata Shs. 8,000/- kwa mwezi, asilimia 2.75 ni Shs. 220/-. Hiyo iko chini ya kiwango, basi atatoa Shs. 300/-, yaani Shs. 3,600/- kwa mwaka. Akikadiriwa Shs. 20,000/-, atatoa Shs. 550/-, yaani Shs. 6,600/- kwa mwaka. Fedha hizo humwingiza yeye, mkewe au mumewe, na watoto wao. Walio fukara kabisa, sheria yasema Serikali iwalipie.

Mkulima atauliza: "Nitakadiriwaje, nami sina karatasi ya mshahara?" Utaulizwa maswali: nyumba yako imejengwa kwa nini, maji unateka wapi, unapikia nini, una mifugo gani. Jibu kweli. Mimi naona hapa pana ugumu, maana mtu mwenye ng'ombe watano wakati wa kiangazi anaweza kuwa na dhiki kuliko mwenye duka asiye na kuku. Tena mwenye mshahara hukatwa kidogo kila mwezi, lakini mkulima hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mara moja. Mwaka 2025 uliletwa mpango uitwao Lipa SHA Pole Pole, ili asiye na mshahara aweze kulipa kwa mafungu.

Wengine husema, "Sisi hatuumwi, tulipie nini?" Lakini ninyi mnaijua mwethya. Matuta ya fanya-juu yaliyookoa udongo wa Ukambani hayakuchimbwa na mtu mmoja. Leo kwako, kesho kwa jirani. Mtu ajaye siku ya shamba lake tu, kisha asionekane tena, huiua mwethya. Na bima hufa hivyo hivyo, watu wakijiunga siku ya kulazwa.

Kuandikishwa hakulipiwi. Bonyeza *147# katika simu, au nenda zahanati ukiwa na kitambulisho chako na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ukisha andikishwa, matibabu ya zahanati na kituo cha afya hulipwa na Serikali hata kama hujatoa mchango. Mchango wahitajika ukipelekwa hospitali kubwa, kama Kangundo, Matuu, Mwala au Machakos yenyewe. Wengi huchanganya mambo haya mawili, wakakaa nyumbani na homa kwa kuogopa fedha ambazo hawakudaiwa.

Ndengu za mvua za vuli huuzwa kuanzia Februari, na maembe karibu na wakati huo. Siku mnunuzi anapolipa, toa kwanza Shs. 3,600/-, au kiasi ulichokadiriwa, ndipo uhesabu karo na mbegu.