Namna ya Kusoma Jalada la Jarida la Roki

Mwezi Julai 2013 jarida la Rolling Stone la Marekani lilitoa jalada lililokataliwa madukani hata kabla watu hawajaisoma makala iliyokuwa ndani. Jaladani palikuwa na Dzhokhar Tsarnaev, kijana aliyeshtakiwa kwa kulipua mabomu kwenye mbio za marathoni za Boston mwezi Aprili mwaka huo, mlipuko ulioua watu 3 na kujeruhi mamia. Picha alijipiga mwenyewe: nywele za mawimbi zimemwangukia usoni, macho yanamtazama mtazamaji moja kwa moja, mwanga ni laini. Kampuni za maduka ya dawa za CVS na Walgreens zikatangaza kwamba hazitaliuza toleo hilo. Lakini picha hiyohiyo ilikuwa imekwisha kutoka kwenye ukurasa wa kwanza wa gazeti la New York Times mwezi Mei, na haikuzua ghadhabu ya namna ile.

Uso ni uleule na mwanga ni uleule. Kilichobadilika ni jina lililo juu ya kichwa chake. Kwa zaidi ya miaka 40 Rolling Stone lilikuwa limewaweka wanamuziki mahali hapo, na mamia ya majalada yalikuwa yamewazoesha wasomaji kuamini kwamba anayekaa hapo ni nyota. Maandishi ya jalada lile yalimtaja waziwazi kuwa mlipuaji, lakini hayakufua dafu mbele ya mazoea hayo. Watu walimwona kijana mwenye sura ya mwimbaji, wakakasirika.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kosa linalofanywa na wengi wanaochambua majalada: kuitazama picha kana kwamba imening'inia peke yake ukutani. Kila kitu kilichopo jaladani hupata maana kutokana na kilicho jirani yake, na kutokana na majalada yaliyotangulia. Kwa mwanafunzi wa sanaa au uandishi wa habari, na kwa msanifu anayeanza kazi ya majarida na mabango, huo ndio msingi wa kushika kabla ya mengine.

Tenganisha cha kudumu na cha toleo

Kwa hiyo usianze na jalada moja. Tafuta matoleo matatu au manne ya jarida lilelile, uyapange mezani sambamba. Yanayojirudia katika yote ni sura ya jarida lenyewe. Yanayobadilika ni uamuzi uliofanywa kwa ajili ya toleo hilo. Usipoyatenganisha hayo mawili, uchambuzi wako utakwenda upogo.

Mfano mzuri ni jarida la Q la Uingereza, lililotoka kuanzia 1986 hadi 2020. Nembo yake ilikuwa herufi moja nyeupe ndani ya mraba mwekundu, kwenye kona ya juu kushoto. Mwanafunzi akikutana na jalada lake moja tu, huandika kwamba wekundu huo ni hasira au mapenzi ya mwanamuziki aliyepigwa picha. Sivyo. Wekundu ule ulikuwapo kwa mpole na kwa mkali, kwa mzee na kwa kijana. Ni rangi ya nyumba. Na kukaa kwake kushoto kuna sababu ya kibiashara: madukani majarida hupangwa yakifunikana, kila moja likiacha ukingo wake wa kushoto wazi, na ukingo huo ndio mteja anaouona kwanza. Ndiyo maana kwenye majarida mengi ya Kiingereza utakuta majina ya bendi kubwa yamesogezwa upande huo.

Jarida la Kerrang! nalo lilizaliwa Juni 1981 kama nyongeza ya gazeti la muziki la Sounds, na jalada lake la kwanza lilimbeba Angus Young, mpiga gitaa wa AC/DC. Jina lake linaiga mlio wa gitaa la umeme likichapwa kwa nguvu. Herufi zake zimechorwa kama kioo kilichopasuka, na mwishoni kuna alama ya mshangao. Kabla hujajua nani yupo jaladani, umeshaambiwa kwamba humu ndani kuna kelele. Nembo ya Rolling Stone inasema jambo jingine kabisa. Aliyeichora ni Rick Griffin, msanii wa San Francisco aliyejulikana kwa mabango ya matamasha yenye herufi za kujipindapinda. Imechorwa upya mara kadhaa tangu hapo, lakini mikunjo yake bado inatukumbusha ilikotoka: mji ule, miaka ile, vijana wale wenye nywele ndefu.

Toleo la kwanza la Rolling Stone ni la tarehe 9 Novemba 1967. Waanzilishi walikuwa Jann Wenner, kijana wa miaka 21, na Ralph Gleason, mhakiki wa muziki aliyekuwa amekwisha kupata jina. Lilichapwa kwenye karatasi ya gazeti, habari zikaanzia palepale kwenye ukurasa wa mbele, na bei ilikuwa senti 25 za Marekani. Picha ilikuwa ya John Lennon wa Beatles amevaa kofia ya chuma ya askari, kutoka kwenye filamu ya How I Won the War. Tazama kisichokuwapo: gitaa halipo, maikrofoni haipo, jukwaa halipo. Vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea, na jarida jipya la muziki lilimchagua mwanamuziki aliyevaa mavazi ya vita. Hapo msomaji aliambiwa kwamba jarida hili litazungumzia pia dunia ambamo muziki huo unapigwa.

Mwili, macho na kamera

Picha kuu ndiyo yenye utajiri, na hapo ndipo pa kukaa muda mrefu. Uliza maswali kwa utaratibu. Macho yanatazama wapi? Anayekutazama moja kwa moja anakuita au anakupinga. Anayetazama pembeni anakufanya shahidi wa jambo lisilokuhusu. Kamera ipo juu yake, sawa naye, au chini yake? Picha ikipigwa kutoka chini humkuza mtu, na majarida ya muziki wa metali hupenda sana mbinu hiyo. Mikono inafanya nini? Katika roki mikono ina lugha yake: ngumi iliyoinuliwa, vidole kwenye nyuzi, mikono iliyokunjwa kifuani. Kama ni bendi, nani ametangulizwa mbele na nani amebaki nyuma kama kivuli? Mara nyingi mwimbaji hutangulizwa na mpiga ngoma husukumwa ukingoni. Ukikuta kinyume chake, ujue kuna habari. Angalia pia kama kichwa cha mwanamuziki kimefunika sehemu ya jina la jarida. Jarida changa huogopa kufunikwa jina lake, lakini lililojijenga huruhusu, kwa kuwa wasomaji wataijua nembo hata ikibaki nusu.

Sasa tutumie maswali hayo kwenye jalada la Rolling Stone la tarehe 22 Januari 1981, ambalo mwaka 2005 chama cha wahariri wa majarida cha Marekani kililitaja kuwa bora kuliko yote ya miaka 40 iliyotangulia. Mpiga picha ni Annie Leibovitz. Lennon yupo uchi wa mnyama, amejikunja kama mtoto, amemkumbatia mkewe Yoko Ono na kumbusu shavuni. Yoko amevaa nguo, amelala chali, nywele zimetawanyika, macho yake yanatazama kando. Kamera ipo juu yao.

Kwenye jalada la roki mwanamume amezoeleka kusimama wima, miguu ameitanua, gitaa amelishika kama silaha. Hapa mwanamume ndiye asiye na nguo wala kinga, na mwanamke ndiye aliyejisitiri na kutulia. Kamera iliyo juu, ambayo kwa kawaida humpunguza mtu, hapa imewapunguzia wote wawili ukuu na kuwaacha watu wa kawaida. Wala hakuna anayekutazama. Jarida linalouzwa kwa macho ya nyota limekubali nyota aliyefumba macho. Inafaa pia kujua kwamba wahariri walimtaka Lennon peke yake, na yeye ndiye aliyeshikilia kwamba mkewe lazima awemo. Kwa hiyo sehemu ya usanifu wa jalada hili iliamuliwa na mpigwa picha mwenyewe.

Halafu tazama maandishi: hayapo. Ukiacha jina la jarida na taarifa ndogo za toleo, hakuna kichwa cha habari hata kimoja. Picha ilipigwa tarehe 8 Desemba 1980 katika nyumba yao kwenye jengo la Dakota, New York, na usiku wa siku hiyohiyo Lennon alipigwa risasi na kuuawa mlangoni pa jengo hilo. Toleo lilipotoka dunia nzima ilikuwa inajua. Kichwa cha habari chochote kingekuwa ama kurudia habari ama kuuza msiba. Kwa maoni yangu kuyaacha maneno ulikuwa uamuzi mkubwa kuliko picha yenyewe, kwa sababu picha ilikuwa imekwisha kupigwa, ila kunyamaza kulihitaji mhariri mwenye ujasiri.

Jalada hili linafundisha jambo jingine ambalo wachambuzi wengi huliruka. Wakati kamera inafyatuliwa hakuna aliyejua kitakachotokea usiku. Picha ilihusu mapenzi ya watu wawili. Kifo ndicho kilichofanya kukumbatiana kule kuonekane kama kuagana. Ukiandika kwamba Leibovitz alipiga picha ya kuaga, umempa nia ambayo hakuwa nayo. Ukiandika kwamba maana yake ni mapenzi tu, umesahau msomaji wa Januari aliyeipokea akiwa na huzuni. Andika vyote viwili, na useme kipi kilikuja lini.

Maneno na rangi

Sehemu hii haihitaji muda mrefu. Pima kwanza ukubwa: maneno makubwa kuliko yote ndiyo yanayouza toleo, na mara nyingi ni jina la mtu au bendi. Kisha tazama nani ametajwa bila kuelezwa. Jina la bendi likiwekwa bila neno la kumfafanulia msomaji, mhariri ameamini kwamba msomaji wake anaijua, na hapo unapata kumfahamu huyo msomaji kuliko kwa takwimu zozote. Hesabu rangi. Jalada la rangi tatu lina nidhamu, la rangi nane linapiga mayowe, na yote mawili yanaweza kuwa sahihi kulingana na mnunuzi. Usiandike kamwe kwamba nyeusi ni kifo au nyekundu ni damu mpaka uwe umeona rangi hiyo inafanya kazi hiyo kwenye jalada lililo mbele yako. Bei, msimbopau na tangazo la zawadi navyo vitazamwe, hasa mahali vilipowekwa: msanifu makini huvificha pale ambapo picha haina jambo.

Siku hizi lazima uongeze jaribio moja. Lipunguze jalada kwenye simu mpaka lilingane na ukucha wa kidole gumba. Kama jina la jarida na uso bado vinasomeka, msanifu alifikiria mahali ambapo wasomaji wengi watakutana nalo.

Nani hayumo

Roki imetoka kwenye mikono ya Wamarekani weusi: Sister Rosetta Tharpe na gitaa lake la injili, Chuck Berry, Little Richard. Toleo la pili la Rolling Stone lilimweka Tina Turner jaladani. Lakini mwaka 2023 Jann Wenner alitoa kitabu cha mahojiano na wanamuziki 7, wote wanaume weupe, na namna alivyojitetea alipoulizwa kuhusu wanawake na weusi ilimfanya aondolewe kwenye bodi ya taasisi ya Rock and Roll Hall of Fame, ambayo yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waasisi wake. Mtu huyo ndiye aliyeamua kwa miongo mingi nani akae jaladani. Kwa hiyo chukua majalada ya mwaka mzima wa jarida lolote la roki, uhesabu: wanawake wangapi, weusi wangapi, na kati yao ni wangapi walioshika ala? Hesabu hiyo itakuambia jambo ambalo jalada moja haliwezi kulisema.

Msomaji wa pwani yetu ana zoezi lake la karibu zaidi. Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, katika familia ya Waparsi, na ingawa alifariki 1991 majarida ya roki yanaendelea kumrudisha jaladani. Tafuta jalada lake moja. Amevalishwa nini? Ni Freddie wa nywele ndefu wa miaka ya 1970 au wa masharubu wa miaka ya 1980? Je, Zanzibar imetajwa, na kama haikutajwa, jalada limemfanya mtu wa wapi?

Ukifika kwenye kuandika, kila sentensi ibebe vitu vitatu: unachokiona, kinachofanya, na kwa nani. "Picha inavutia sana" haibebi hata kimoja. "Kamera imewekwa chini ya kiuno ili gitaa lionekane kubwa kuliko uso, kwa sababu wasomaji wa jarida hili ni wapigaji wanaotaka kukiona chombo" imebeba vyote, na mwenye jalada mkononi anaweza kukupinga au kukukubali. Anza na ukurasa mmoja tu kuhusu jalada moja. Kisha mpe mtu asome maelezo yako kabla hajaliona jalada, halafu umwonyeshe. Popote atakaposhangaa, hapo ndipo urudi ukaandike upya.