Meno ya mtoto huonyesha wakati wa kurekebisha taya

Je, meno ya juu ya mtoto wako yamechomoza mbele hata midomo haifungiki vyema? Wazazi wengi hungoja mtoto awe mkubwa kabisa ndipo wamwone daktari wa meno. Wengine huenda mapema na kushangaa wanapoambiwa wasubiri. Katika matibabu haya, wakati ufaao ni muhimu kama vile vifaa vyenyewe.

Mara nyingi kasoro haiko kwenye meno bali kwenye taya la chini, ambalo huwa limebaki nyuma. Kifaa cha kulileta mbele hufaa zaidi mtoto anapokua kwa kasi, wakati wa kubalehe. Kasi hiyo hufikia kilele karibu na umri wa miaka 12 kwa wasichana na 14 kwa wavulana. Ikishapita, huenda njia zitakazosalia ni kung'oa meno kadhaa ili kuficha kasoro, au upasuaji wa taya utu uzimani.

Umri pekee hautoshi

Watoto wawili wa miaka 12 huweza kuketi dawati moja, mmoja akiwa ameanza kurefuka na mwingine bado. Ndiyo sababu daktari huchunguza pia jinsi meno yanavyokomaa ndani ya taya.

Mwaka wa 1973, Arto Demirjian na wenzake walieleza njia ya kupima ukomavu huo kwa eksirei. Huangaliwa meno saba ya taya la chini, upande wa kushoto, na kila jino hupewa hatua moja kati ya nane, kuanzia A hadi H. Katika hatua ya A, ncha za jino ndipo zinaanza kuwa ngumu. Katika D, sehemu ya juu ya jino imekamilika. Katika H, ncha ya mzizi imefunga kabisa.

Jino linalotazamwa sana ni chonge. Chonge ya chini ikiwa katika hatua ya G, yaani mzizi umerefuka lakini ncha yake bado iko wazi, mara nyingi mtoto amekaribia au yumo katika kipindi cha kukua kwa kasi.

Tahadhari

Usihesabu tu meno yaliyoota. Jino laweza kuchelewa kutokeza kwa kukosa nafasi, ilhali mzizi wake unaendelea kukua. Isitoshe, watoto hutofautiana. Utafiti wa Hassanali na Odhiambo, uliochapishwa mwaka wa 1981, ulionyesha kuwa nchini Kenya watoto Waafrika huota meno ya kudumu mapema kuliko wenzao wenye asili ya Kiasia. Kwa hivyo daktari hulinganisha meno na dalili nyingine, kama vile mifupa ya shingo au ya kiganja, na kimo cha mtoto.

Wewe mzazi waweza kusaidia. Mpeleke mtoto akaguliwe afikapo miaka 7, hata kama haumwi. Mpime kimo kila baada ya miezi mitatu na uandike. Mweleze daktari iwapo binti ameanza hedhi, kwani kwa kawaida kilele cha kukua huwa kimekwisha kupita. Ukiambiwa usubiri, uliza ni hadi lini, na usikose kurudi siku hiyo. Udongo uwahi ungali maji.