SOMO LA MADEREVA NA KAMATI: KULISUKUMA GARI LILILOZIDIWA NA PETROLI

Pikapu ya chama cha msingi ikikataa kuwaka alfajiri, maziwa hayangoji. Yakichelewa kufika kwenye kituo cha kupozea huchachuka, na hasara huwaangukia wanachama wote. Kwa hiyo yafaa dereva na wajumbe wa kamati wajue kwa nini injini hugoma, kabla ya kuita watu wasukume.

Sababu

Injini ya petroli yenye kabureta huhitaji takribani sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito, pamoja na cheche ya plagi. Choki ikivutwa kupita kiasi, au pedali ya mafuta ikikanyagwa mara kwa mara, petroli huzidi na plagi hulowa. Dalili yake ni harufu kali ya petroli, ilhali stata inazungusha injini kwa nguvu. Stata ikizunguka kwa unyonge, ugonjwa huenda ni wa betri. Dereva anayeng'ang'ania stata huumaliza umeme, na ugonjwa mmoja huwa miwili.

Utaratibu

1. Swichi izimwe, choki irudishwe ndani, na gari liachwe dakika 10 hadi 15. Mtu yeyote asivute sigara karibu.

2. Pedali ya mafuta ikanyagwe hadi chini na kushikiliwa hapo, ili hewa nyingi iingie. Stata izungushwe kwa muda usiozidi sekunde 10.

3. Betri ikiwa imechoka, ndipo gari lisukumwe, mahali tambarare pasipo magari mengine. Swichi iwashwe, gia iwe ya pili, klachi na pedali ya mafuta zikanyagwe hadi chini. Wasukumaji wote wakae nyuma. Mwendo ukifikia ule wa mtu anayekimbia polepole, dereva awape ishara waachie, kisha aiachie klachi upesi. Injini ikishika, aikanyage klachi tena na kupunguza mafuta.

4. Ikikataa bado, plagi zifunguliwe na kukaushwa. Kusukuma zaidi ni kuchosha watu bure.

Tahadhari

Injini ikiwa imezimika, breki zenye msaada wa injini huwa nzito. Ufunguo usichomolewe, kwani usukani huweza kujifunga. Betri iliyokufa kabisa haitoi cheche hata gari likisukumwe. Magari yenye gia za kujibadilisha yasiwashwe kwa njia hii, wala yale yenye kisafisha moshi ndani ya ekzosi, kwani petroli isiyoungua huweza kukiharibu.

Maswali ya kujadiliana

1. Dereva atatofautishaje injini iliyozidiwa na petroli na betri iliyochoka?
2. Kwa nini kungoja dakika 15 kwaweza kuokoa maziwa kuliko kusukuma papo hapo?
3. Je, gari la chama chenu lina spana ya plagi?