MWENDO WA MWANADAMU NI SOMO

Katika vyuo vikuu mna somo la mwendo wa mwanadamu na afya yake. Watu wengi wakilisikia huuliza, "Kutembea nako kunasomewa?" Swali hilo ni la haki, nami nitajaribu kulijibu kwa ufupi.

Kwanza, mwili hufuata kanuni zile zile za Fizikia tunazofundishwa darasani. Kunja mkono wako, kiwiko kiwe egemeo, ushike kitu cha kilo 5. Msuli wa mbele ya mkono umeshikamana na mfupa yapata sentimita 5 kutoka kiwikoni, na kiganja kiko yapata sentimita 35. Zidisha 5 kwa 35, kisha gawanya kwa 5. Msuli huo unavuta kana kwamba umebeba kilo 35! Basi si ajabu mvuvi wa delta apigaye kafi kutwa nzima kuumwa na bega. Mtaalamu wa somo hili aweza kumwonyesha namna ya kuketi na kuvuta kafi bila kujiumiza.

Pili, mwendo ni sehemu ya tiba. Pwani yetu imeteswa sana na matende. Mbu humwambukiza mtu minyoo myembamba kama nyuzi, nayo hukaa katika mishipa ya majimaji ya mwili. Majimaji hayo hayasukumwi na moyo kama damu. Hutegemea sana misuli inapokaza na kulegea. Mishipa ikiharibika, maji hutuama na mguu huvimba. Mwaka 2000 Serikali ilianza kisiwani Mafia kugawa dawa za ivamektini na albendazoli kwa wakazi, kisha mpango ukaenea sehemu nyingine. Dawa hizo huua vijidudu vichanga vilivyo katika damu, ugonjwa usienee. Lakini mguu uliokwisha kuvimba haurudi kwa vidonge.

Mguu huo wataka kazi ya kila siku: kuuosha kwa maji na sabuni, kuukausha vizuri katikati ya vidole, kuuinua mtu aketipo au alalapo, na kuzungusha kifundo ili misuli isukume maji juu. Bibi yangu huko Ruaruke alikuwa ameacha kwenda shamba la mpunga. Muuguzi alimfundisha mambo hayo. Mguu haukurudi kuwa kama zamani, lakini homa zimepungua, na sasa huenda kisimani mwenyewe. Tangu hapo nilijua ninalotaka kusoma.

Tiba ya viungo husomwa mpaka shahada katika chuo kikuu cha KCMC, Moshi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina idara ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo. Mjomba wangu, ambaye korosho zake ndizo zinazonisomesha, angependa nisome biashara nipate kazi upesi. Sijamshawishi bado, ila nimekusudia kuomba Fizikia, Kemia na Biolojia katika Kidato cha Tano.

Ndugu zangu wa Kidato cha Pili, mtakapochagua masomo msiikimbie Fizikia kwa kuogopa hesabu zake. Aiachaye mapema hujifungia mlango huu, na vijijini kwetu wagonjwa wanaongoja ni wengi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne